Kutoka Jikoni Hadi Kibanjani

Udongo wa Karagwe una uchoyo. Ukiushika mkononi baada ya mvua za vuli, mweusi na mwepesi, utaapa kwamba hata ukichomeka mpini wa jembe utachipua. Kisha ingia kwenye shamba la mahindi ambalo halijaonja samadi kwa misimu kadhaa: mashina membamba, majani yenye zambarau pembeni, magunzi yenye punje za kuhesabu. Wataalamu wa udongo wanauita Andosoli, udongo wenye asili ya majivu ya volkano, na tabia yake wanaijua. Ndani yake mna alumini na chuma katika hali inayoidaka fosforasi na kuing'ang'ania, kiasi kwamba mmea unaweza kusimama juu ya fosforasi na bado ukafa njaa. Wazee wetu husema shamba limechoka. Kwa kweli halijachoka, limebana.

Mwaka 2016 watafiti wanne, Ariane Krause, Thomas Nehls, Eckhard George na Martin Kaupenjohann, walichapisha katika jarida la Ulaya liitwalo SOIL matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye udongo huohuo, hukuhuku Karagwe. Krause alitokea Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na kazi yake ilishikana na ya MAVUNO, shirika la wakulima wa Karagwe. Walipima vipande vya shamba vya mita 9 za mraba na kupanda humo mazao 7 kwa kuchanganya, kama tunavyopanda sisi, mahindi na maharage yakiwemo. Vipande vingine havikuwekwa kitu. Vingine viliwekwa tope linalotoka kwenye mtambo wa bayogesi, vingine mboji ya kawaida. Kundi la nne lilipewa mboji ya namna yake: ndani yake mlikuwa na mkaa uliobaki jikoni, pamoja na mkojo na kinyesi cha binadamu kilichokwisha kuuliwa vijidudu kwa joto. Kila kundi lilirudiwa mara 5, ili mtu asije akasema kwamba kipande kimoja kilibahatika kuwa karibu na kichuguu.

Mahindi yalipovunwa, vipande vitupu vilitoa kiasi cha tani 1.10 kwa hekta. Tope la bayogesi lilileta 2.63, mboji ya kawaida 3.18. Ile mboji ya mkaa na choo ilileta 4.40. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuifyonza ilipanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kila kilo ya udongo, na uchachu wa udongo ukapungua, pH ikatoka 5.3 ikafika 5.9. Ni mara nne ya mavuno, kwa viungo ambavyo vyote vinapatikana nyumbani kwa mtu, bila mfuko hata mmoja kutoka duka la pembejeo la Kayanga.

Kuna sentensi moja katika andiko hilo ninayoipenda kuliko hata hiyo mara nne. Wauzaji wa habari za mkaa wa shambani, duniani kote, hutuambia kwamba mkaa huufanya udongo utunze maji. Watafiti hawa walipima, wakaandika bila kumung'unya maneno kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu walivyoweka kilichobadilisha kwa kiwango cha maana maji yanayopatikana kwa mmea. Kilichoongeza mavuno ni chakula cha mmea, si maji. Mtu anayekwambia dawa yake haitibu hili, lakini inatibu lile, huyo unaweza kuendelea kumsikiliza. Na tusisahau kwamba walichopima ni athari za muda mfupi tu. Udongo hauishi kwa msimu mmoja.

Nyumba nyingi za kwetu Kanoni, hapa Karagwe, zimepangwa kwa mtindo unaofanana. Mbele nyumba kubwa ya bati. Nyuma yake jiko, kuta zimepakwa masizi, moshi unatafuta njia kwenye mianya ya paa. Choo kiko pembeni kabisa, mahali ambapo mgeni hataki kukuulizia kwa sauti. Vyote hivyo vimezungukwa na kibanja: migomba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni. Habari za sayansi zikitufikia hutufikia zimegawanywa mafungu. Nishati ni nguzo za umeme na watu wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Afya ni zahanati, kadi ya kliniki, chanjo. Madini ni habari za Kyerwa wanakochimba bati na Ngara kwenye nikeli ya Kabanga. Kila fungu lina wizara yake, bajeti yake na semina yake yenye soda na posho. Lakini mama anayeingia jikoni saa kumi na moja alfajiri anagusa mafungu yote matatu kabla chai haijachemka, na hakuna semina iliyomweleza kwamba yanahusiana. Jaribio la Karagwe linanivutia kwa sababu halikukubali kugawanywa. Liliuliza jambo ambalo mafungu hayo hayaulizi: kitu kikishatumika, kinakwenda wapi?

Swali hilo si geni huku. Kibanja chenyewe ni jibu lake. Watafiti wa kilimo cha Kagera, akiwemo Frederick Baijukya aliyeandika tasnifu yake Wageningen mwaka 2004 kuhusu kilimo cha migomba cha kaskazini magharibi mwa Tanzania, wameonyesha jinsi rutuba ilivyokuwa ikihamishwa kwa mkono na kwa kwato. Rweya, yaani vilima vya nyasi, ni ardhi maskini. Ng'ombe alikula rweya mchana, akalala nyumbani usiku, na samadi yake ikaingia kibanjani. Nyasi zilifyekwa zikatandikwa sakafuni, zikichakaa zikatupwa kwenye migomba. Majivu ya jikoni yalimwagwa hapo nje tu, na maganda ya ndizi pia. Ukitaka kuujua mgomba mnono kuliko yote, mara nyingi ni ule ulio jirani na mlango wa jiko, na hakuna aliyewahi kuuwekea mbolea kwa kukusudia. Kwa hiyo weusi wa kibanja tunaousifu kana kwamba Mungu alitupendelea ni kazi ya watu na ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, kuiba rutuba mahali pengi na kuirundika mahali pamoja.

Siku hizi wizi huo umekuwa mgumu. Ng'ombe wamepungua kwa wengi, rweya imegawanywa ikapandwa mikaratusi na misonobari, na sakafu ni ya saruji. Vinavyotoka vimeongezeka. Gunia la kahawa linalokwenda ushirika, mikungu inayopakiwa kwenye lori kwenda mijini, vyote vinaondoka na potasiamu ya kibanja ndani yake, wala dereva hana habari kwamba amebeba udongo. Kinachobaki tunakula wenyewe, na tukishakula tunakwenda kukizika ndani ya shimo refu, mahali ambapo mizizi ya mgomba haifiki. Choo cha shimo kimeokoa maisha ya watu wengi, sitakisema vibaya. Ila kwa upande wa kibanja ndipo mahali panapovuja.

Tuanze na jiko, kwa sababu mkaa ule wa jaribio ulitoka huko. Jiko linalogeuza kuni kuwa gesi halina ajabu ukilitazama: kopo kubwa la bati ndani ya kopo jingine, matundu machache chini, matundu mengi karibu na mdomo. Unalijaza vipande vidogo vya kuni, magunzi au matawi makavu yaliyokatwakatwa, kisha unawasha juu, si chini. Mtu aliyezoea mafiga huona kama umechanganyikiwa. Moto unashuka polepole kuelekea kitako. Kila unapofika unazikausha kuni na kuzitoa gesi. Gesi inapanda, inakutana na hewa mpya inayoingia kwenye matundu ya juu, na hapo ndipo inapowaka, chini kabisa ya sufuria. Moshi wa mafiga ni nini? Ni kuni ambazo hazikupata hewa ya kuungulia, zikaishia machoni na kifuani mwa mpishi. Jiko hili linaula moshi wake. Gesi ikiisha, ndani hubaki mkaa mwekundu, na hapo mpishi ana dakika chache za kuamua. Akiuacha utaendelea kuwaka hadi uwe majivu. Akiumwaga na kuuzima kwa maji au kwa kuufunika usipate hewa, ana mkaa wa kuchanganya kwenye mboji.

Hizo dakika chache ndizo zinazonifikirisha. Jiko la namna hii likishajazwa halipendi kuongezwa kuni katikati. Linapika kwa awamu. Sasa weka juu yake chungu cha maharage makavu yatakayofuatwa na ndizi, chakula chetu cha kila siku. Awamu inakwisha maharage bado yanagonga. Unatakiwa uteremshe sufuria nzito, umwage mkaa wa moto bila kumuunguza mtoto anayezunguka hapo, uuzime, ujaze kuni upya, uwashe tena, urudishe sufuria. Kuni zenyewe lazima ziwe kavu na zikatwe vipande vya urefu wa kidole. Nani anakata? Mafiga matatu yanapokea kuni ya urefu wowote, mbichi kidogo au iliyoliwa na mchwa. Unaisukuma ndani kwa mguu huku unamenya ndizi. Namba za maabara zinahesabu joto lililofika kwenye maji. Hazihesabu mguu.

"Jiko zuri," aliniambia mama mmoja aliyewahi kupikia mojawapo, huku anaendelea kumenya, "lakini linataka nilitumikie mimi." Hakuwa analalamika, alikuwa anatoa ripoti ya utafiti.

Kuna Wanyambo na Wahaya watakaocheka wakiambiwa kwamba kuchoma kitu nusunusu na kukitumia kama dawa ni uvumbuzi wa karne hii. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya jinsi Wahaya walivyokuwa wakiyeyusha chuma. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru mbele yao, katika miaka ya 1970. Kitako cha tanuru kilikuwa shimo, na shimo hilo walilijaza majani ya kinamasi waliyoyachoma humohumo mpaka yakawa makaa laini meusi. Kilichoyeyuka juu kilidondokea kwenye makaa hayo na kukutana na kaboni yake. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na Schmidt na Avery wakadai kwamba kwa njia hiyo hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wa chuma cha kale walilipinga hilo, na mabishano yakawa marefu na makali kuliko yanavyostahili mirija ya udongo. Suala la majani halitikisiki. Kwetu Karagwe, vyuma vya kifalme vya Bweranyange, wale ng'ombe wa chuma wenye pembe zilizopinda, vinakumbusha kwamba mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alipopokelewa na Omukama (mfalme) Rumanyika hakufika kwa watu wasiojua moto. Aliwakuta watu waliojua kwamba kuna moto wa kuunguza na kuna moto wa kunyima hewa, na kwamba kila mmoja una kazi yake.

Gharama ilikuwepo. Makaa ya tanuru yalitoka msituni, na Schmidt mwenyewe ni miongoni mwa walioeleza jinsi uyeyushaji wa karne nyingi ulivyochangia kuumaliza msitu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kitu kikitumika kinakwenda mahali, na kabla ya kutumika kimetoka mahali.

Bati la Kyerwa linatoka pia. Mchimbaji mdogo analiosha mtoni, linapimwa, linaondoka. Siku moja hurudi likiwa risasi ya kuchomelea nyaya, au mpako mwembamba juu ya utepe wa shaba unaounganisha seli za paneli ya jua, ile iliyofungwa juu ya paa la jirani yangu kwa ajili ya taa tatu na kuchajia simu. Pengine si bati la Kyerwa. Dunia ni kubwa na bati halina kitambulisho. Ila linarudi kwa bei ambayo mchimbaji asingeitambua. Utafiti wa vifaa vya nishati unaovuma leo, wa betri na seli za jua za aina mpya, utatufikia kwa njia hiyohiyo, na nitaupokea kwa furaha kwa sababu taa ni taa. Mkaa wa jikoni hauendi Dar es Salaam wala Shanghai. Hauna soko, hivyo hakuna anayekuja kuusifia kwa gari la kifahari.

Afya ndiyo sehemu ambayo nilidhani ingekuwa nyepesi kuliko zote. Moshi ni mbaya, ondoa moshi, watu wapone. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa ya ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na mtu yeyote aliyekulia jikoni Kagera hahitaji kushawishiwa: macho mekundu ya bibi zetu ni ushahidi wa kutosha. Lakini watafiti walipokwenda kupima kama jiko jipya linamwokoa mtoto, majibu yalikuwa magumu kuyameza. Nchini Malawi, katika wilaya za Karonga na Chikhwawa, jaribio kubwa lililohusisha watoto 10,750 lilizipa baadhi ya familia majiko ya kuni yenye feni, ndugu wa karibu wa jiko nililolieleza hapo juu. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet, toleo la 2017. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 haikupungua.

Wakasema wengi: kuni ni kuni, wapeni gesi. Likafanyika jaribio jingine, katika Guatemala, India, Peru na Rwanda, na upande wa Rwanda lilikuwa Kayonza, wilaya iliyo ng'ambo ya Mto Kagera, upande huo jua linakotulia ukisimama kwenye vilima vya Kyerwa. Wajawazito wapatao 3,200 walishiriki. Nusu wakapewa jiko la gesi na mitungi ya bure. Hawa walipika kwa gesi kweli, na vumbi laini walilolivuta lilishuka: mikrogramu 23.9 kwa mita ya ujazo, wakati wenzao waliobaki na kuni walivuta 70.7. Mwaka 2022 uzito wa watoto waliozaliwa ulichapishwa. Wastani wa kundi la gesi gramu 2,921, kundi la kuni gramu 2,898. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mtakwimu kuitolea kiapo. Mwaka 2024 yakaja ya nimonia kali kwa watoto wachanga: nayo haikupungua.

Nawaheshimu watu hao kwa kuchapisha. Hela nyingi, miaka mingi, matumaini ya wafadhili na wizara, halafu unasimama unasema haikuwa hivyo. Majaribio hayo hayakusema moshi hauna madhara. Yalijibu maswali mawili matatu kuhusu mtoto mdogo katika muda mfupi. Hayakuuliza kuhusu mapafu ya mwanamke aliyepika miaka 40. Lakini yametunyang'anya urahisi. Yametuonyesha kwamba mtoto wa kijijini anashambuliwa kutoka pande nyingi, na ukiufunga mlango mmoja ugonjwa haukosi mwingine: maji, lishe ya mama, malaria, choo. Jiko likibadilishwa na vingine vikibaki vilevile, mizani ya kliniki haisogei.

Wakati huohuo serikali yetu imeamua. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya gesi tayari imepangwa madukani Omurushaka. Sina ugomvi nayo. Chai ya asubuhi kwa gesi ni neema, hasa kwa mtoto wa kike ambaye vinginevyo angewahi kuni kabla ya kuwahi shule. Ila niseme jambo ambalo sijalisikia katika hotuba yoyote: gesi haina majivu wala mkaa. Kila mtungi unaoingia jikoni Kanoni unaondoa tone dogo lililokuwa likirudi kibanjani. Kwa mtu wa ghorofani Masaki, Dar es Salaam, hilo si tatizo. Kwa mtu ambaye mgomba wake mnono umeota mlangoni kwa jiko, ni hesabu inayofaa kupigwa mapema, na walioandika mkakati wa kupikia sidhani waliketi meza moja na watu wa udongo.

Baada ya kuzungushwa hivyo na namba, nimefika mahali ambapo sikutarajia kufika. Ningekuwa na uwezo wa kuamua tuanzie wapi, nisingeanza na jiko. Ningeanza na choo.

Sababu ni ya kihesabu zaidi ya kimaadili. Katika ile mboji iliyoleta tani 4.40, mkaa ulikuwa mwenzi mzuri, lakini chakula cha mmea kwa sehemu kubwa hakitokani na mkaa. Kinatokana na kile tulichokula. Na sayansi ya kukifanya salama haina siri. Tangu mwaka 1983, Richard Feachem na wenzake walipokusanya yaliyojulikana kuhusu vijidudu vya kinyesi, inafahamika kwamba saa moja katika nyuzi joto 62 au zaidi inatosha kuviua, hata mayai ya minyoo yenye maganda sugu. Karagwe walifanya hivyo kwa tanuru la udongo lililopashwa moto na majiko yaleyale ya gesi ya kuni, kinyesi kikiwa kimetoka kwenye choo kikavu kinachotenganisha haja ndogo na kubwa. Nishati, malighafi na afya katika tanuru moja nyuma ya nyumba. Nawaza tu mtu atakayekuja kuomba moto kwa jirani akaambiwa tanuru lina shughuli.

Hapo ndipo penye mlima. Watu wa pwani wana methali: mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Watunzi wake hawakuwa na kibanja. Sisi tunayala, kwa njia ndefu, na kila mtu katika meza anajua njia hiyo inapita wapi. Kinyaa si ujinga. Ni chanjo ya kwanza ambayo binadamu alipewa, na mkoa huu una sababu mpya za kuishikilia. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini. Januari 2025 ukatangazwa tena, mara hii Biharamulo. Mara zote mbili ulidhibitiwa ndani ya miezi michache, na kilichofundishwa kwenye kila redio na kila mimbari ni kwamba majimaji ya mwili wa mgonjwa ni kifo. Miezi hiyo hukuweza kupeana mkono msibani. Halafu aje mtaalamu na flipchati, aseme tukusanye vinyesi tuvioke? Atakayemcheka ana haki yake. Na kama kazi hiyo itafanywa, sote tunajua itaangukia mikono ya nani ndani ya nyumba: ileile inayokata kuni vipande vya urefu wa kidole.

Ndiyo maana ningeanza na kile ambacho hakihitaji tanuru wala ujasiri mwingi: mkojo. Humo mna sehemu kubwa ya naitrojeni tunayoitoa mwilini na zaidi ya nusu ya fosforasi, na potasiamu ambayo mgomba unaipenda kupita kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema familia inaweza kutumia mkojo wake kwenye mazao yake yenyewe bila hata kuuhifadhi, mradi upite mwezi mmoja kati ya kuuweka na kuvuna. Ukitaka kuuza au kugawa, uuhifadhi kwanza kwenye chombo kilichofungwa, kwa miezi. Mahitaji ni dumu la lita 20, faneli, na mkosi mdogo wa kuonekana na majirani. Unachimba kijifereji kuzunguka shina, unamwaga, unafukia ili harufu na naitrojeni visipande hewani pamoja. Migomba iliyo mbali na jiko, ile myembamba ya pembezoni ambayo majivu hayajawahi kuifikia, ndiyo ya kupewa kwanza. Na mkaa ukipatikana siku ya maharage, uloweke humohumo kabla ya kuupeleka shambani.

Nilimweleza jirani mpango huu jioni moja, tukiwa tumekaa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati. Ni mtu mzima, ana kibanja kizuri kuliko changu, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Aliuliza mambo ya maana: mvua ikinyesha siku hiyo itakuwaje, mtu anayemeza dawa za hospitali naye achangie, mibuni inavumilia? Nilijibu nilichoweza. Akanywa, akafuta mdomo, akaniambia nianze tu, yeye ataangalia kutoka kwenye mpaka. Kuhusu rubisi ya migomba hiyo akatoa sharti: ya mwaka wa kwanza tunywe wenyewe, mimi na watoto wangu, ya mwaka wa pili nimpelekee.